Kupima Kina Usiku: Somo kwa Anayengoja Majibu ya Maabara

Maandiko ya somo: Matendo 27:20–44, Walawi 13:1–8, Luka 14:28–30

Somo la juma hili limetokana na swali. Dada mmoja wa kanisa hili, ambaye ameniruhusu niandike habari zake bila jina, alidungwa sindano ya kutoa kinyama kwenye uvimbe wa titi. Majibu yakasema ni kansa. Halafu, badala ya kupangiwa siku ya kuanza matibabu, akaambiwa angoje tena, kuna vipimo vingine vinafanyiwa kile kile kinyama. Akaniuliza: "Pasta, si kansa wameshaiona? Sasa wananingojesha nini? Na hapa nilipo, ninamngoja Mungu ama ninangoja maabara?"

Hayo ni maswali mawili. Moja ni la elimu na moja ni la imani, na nimeona tukiyachanganya tunaumiza watu. Wacha nianze na la imani, kwa sababu ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Fungua Matendo 27. Paulo ni mfungwa ndani ya meli ya ngano inayoelekea Italia, na dhoruba imewapiga siku kumi na nne. Jua na nyota havionekani. Mstari wa 23 na 24 unasema malaika alikuwa ameshamtokea Paulo na kumpa ahadi: hakuna mtu hata mmoja wa meli hiyo atakayepotea. Paulo akawatangazia wote. Kwa lugha yetu ya kanisani, neno lilikuwa limeshatoka.

Sasa soma mstari wa 27 na 28 polepole. Usiku wa manane mabaharia wakahisi kwamba nchi kavu iko karibu. Je, walikaa wakisema neno limeshatoka, hatuna haja ya kujua? La. Walishusha bildi, ile kamba yenye kipande cha risasi mwishoni ambayo mabaharia hupimia kina, wakapata pima ishirini. Wakasonga kidogo, wakapima tena. Pima kumi na tano. Mara mbili! Na Paulo, mwenye ahadi ya malaika mdomoni, hakuwakemea. Hakuwaambia mnapima kwa sababu hamna imani. Kipimo ndicho kilichowaonyesha kwamba kuna miamba mbele, ndipo wakashusha nanga nne upande wa nyuma wa meli na kuomba kupambazuke.

Tafadhali tusikimbie hapo. Ahadi ilikuwepo, kipimo kikachukuliwa, na baada ya kipimo wakangoja. Hayo matatu yalikaa ndani ya meli moja usiku mmoja. Dada yangu, ukiuliza unamngoja nani, jibu langu ni kwamba wale watu walimwomba Mungu alete asubuhi, na kamba ya bildi ilikuwa bado imelowa mikononi mwao.

Wengine watasema hao mabaharia walikuwa wapagani, si mfano wetu. Sawa, twende Walawi 13, ambako anayesema ni Bwana mwenyewe. Mtu ana alama kwenye ngozi, anapelekwa kwa kuhani. Kuhani anaangalia rangi ya nywele na anaangalia kama alama imeingia ndani kupita ngozi. Ikiwa haiko wazi, haruhusiwi kukisia. Anamtenga yule mtu siku saba, anamwangalia tena. Ikiwa bado haijaeleweka, siku saba nyingine. Wiki mbili za kungoja majibu, na zimewekwa na sheria ya Mungu! Kwa miaka mingi nilipokuwa nikisoma Biblia mlango huu niliuona mkavu. Tangu nianze kukaa na wagonjwa kwenye benchi za kliniki, nauona tofauti. Mungu alijali tofauti kati ya "inaonekana kama" na "ni".

Na tusisahau, wale wenye ukoma kumi wa Luka 17 waliambiwa na Yesu waende wakajionyeshe kwa makuhani. Hata uponyaji wa Yesu ulipelekwa kupimwa.

Sasa swali la elimu: wananingojesha nini? Mimi si daktari. Nilisomea biashara chuoni, na Biblia baadaye. Lakini kwa kazi hii ya kusindikiza wagonjwa nimekaa na madaktari wa kansa na kuwauliza mpaka nikaelewa, na ninayoandika hapa unaweza kumuuliza daktari wako ayathibitishe.

Kusema "kansa ya titi" ni kama kusema "gari limeharibika". Fundi hawezi kununua spea kwa maneno hayo. Ni la dizeli ama la petroli? Ni injini ama ni gia? Ripoti ya kwanza ya maabara husema tu kwamba ni kansa, inavyoonekana chini ya darubini, na gredi yake ni 1, 2 au 3. Ripoti ya pili, ndiyo hii inayongojewa, husema kansa hiyo inalishwa na nini. Mambo matatu yanatafutwa: vipokezi vya homoni ya estrojeni, vipokezi vya projesteroni, na protini inayoitwa HER2. Kwenye karatasi zitaandikwa ER, PR na HER2.

Seli zenye vipokezi vya homoni hukua kwa kutumia homoni za mwili wa mama mwenyewe. Zikifika hata asilimia 1 ya seli zinazoonyesha kipokezi cha estrojeni, huhesabiwa kwamba kansa hiyo inavyo, ingawa ikiwa ni chache hivyo daktari huwa na maneno zaidi ya kusema. Mama wa namna hiyo hupewa dawa ya kuzima homoni. Inayojulikana zaidi ni tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka isiyopungua 5, na kwa wengine hadi 10. Waliokoma hedhi mara nyingi hupewa kidonge cha aina nyingine. Hiki ni kidonge cha kumeza nyumbani na chai, si mashine wala dripu. Mtu asiye na vipokezi akipewa kidonge hicho, hakimsaidii kitu. Umeona kwa nini daktari hataki kukisia?

HER2 nayo hupewa alama: 0, 1+, 2+ au 3+. Ikiwa 3+, kansa ina protini hiyo kwa wingi, na iko dawa yake maalum, trastuzumab, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin. Kwa kawaida hutolewa kila wiki tatu kwa mwaka mzima, na moyo hupimwa kabla na katikati. Ikiwa 0 au 1+, dawa hiyo si yake. Ikiwa 2+, maabara inasema kwa uaminifu kabisa: hatujui bado. Kinyama hicho kinapelekwa kwenye kipimo kingine kinachohesabu jeni yenyewe ndani ya seli. Si kila maabara inacho.

Dada yetu alipata 2+. Ninapoandika, majibu ya kipimo hicho hayajafika.

Nataka mjue pia ule muda unaenda wapi, kwa sababu wengi hudhani kinyama kimelala kwenye droo. Kwanza hukaa ndani ya fomalini, kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Hatua hiyo ikiharakishwa, kipimo cha vipokezi kinaweza kudanganya na kusema havipo kumbe vipo. Halafu hukaushwa maji, huzamishwa ndani ya nta mpaka kiwe kibonge kidogo, hukatwa kwa kisu maalum vipande vyembamba mno, kama sehemu nne za elfu za milimita moja, hupakwa rangi, na daktari wa patholojia hukaa chini na darubini. Hayo yote ni kwa ajili ya ripoti ya kwanza. Kwa vipokezi, vipande vingine hukatwa kutoka kwenye kibonge kile kile na kazi huanza upya.

Lakini pia kuna kukawia kusiko na utakatifu wowote. Namjua mgonjwa ambaye kibonge chake kilikaa wiki mbili katika maabara fulani, sitaitaja, kwa sababu malipo ya kipimo cha pili yalikuwa hayajaonekana kwenye mtambo na hakuna aliyempigia simu. Yeye alikuwa nyumbani akiomba kwa saburi. Wapendwa, saburi si kunyamaza. Ukiwa unangoja, piga simu na uulize: kipimo cha vipokezi kimeagizwa? Kimelipiwa? Kibonge kiko wapi leo? Nambari yangu ya simu mliyoandika ni gani? Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Wanafunzi wa biashara huita hiyo ufuatiliaji. Mjane wa Luka 18 hakuhitaji kufundishwa chuoni.

Kuna swali ambalo jamaa za wagonjwa huniuliza kwa hasira: kwa nini wasikate tu hilo titi kesho, haya mengine yafuate? Mara nyingine madaktari hufanya upasuaji kwanza. Lakini kwa kansa nyingi zenye HER2, na zile ambazo hazina kipokezi hata kimoja, daktari anaweza kuamua kutanguliza kemo ili uvimbe upungue na ili aone dawa inafanya kazi. Ukishakata, nafasi hiyo haipo tena. Kwa hiyo majibu yanaamua hata kipi kianze, kisu ama dripu. Na wiki chache za kungoja vipimo si sawa na kukaa miezi. Wiki chache kwa kawaida daktari anazijumuisha katika mpango. Kinachotisha ni mtu kuondoka bila tiba miezi mitatu, minne na kuendelea. Hata hivyo, kama ngozi ya titi inabadilika haraka, inawaka au inatoa kidonda, usingoje tarehe yako. Rudi mapema.

Na ile hofu kwamba sindano ya kutoa kinyama ndiyo inayosambaza kansa, kwamba "ikiguswa inakasirika"? Madaktari wangekuwa wameliona kwa mamilioni ya wagonjwa waliodungwa sindano hiyo duniani kote. Inayosambaa ni kansa isiyotibiwa. Kinachotokea ni kwamba watu wengi kwetu hufika wakiwa wamechelewa, wanadungwa, baada ya miezi wanafariki, na jamaa wanakumbuka sindano wakasahau mwaka uliotangulia. Na wanaume msigeuze ukurasa: kansa ya titi huwapata wanaume pia, ingawa ni wachache, na wao hufika hospitalini wakiwa wamechelewa zaidi kwa sababu ya aibu.

Kuna jambo moja ninaomba lisisahaulike hata kama utasahau mengine yote. Neno "hasi" kwenye ripoti hii halimaanishi huna kansa. Mama mmoja, si wa ushirika wetu, alisoma kwa Kiingereza kwamba ER ni hasi, PR ni hasi na HER2 ni hasi. Akarukaruka kwa furaha. Akasimama kutoa ushuhuda, watu wakashangilia, na kliniki hakurudi. Karatasi ilikuwa inasema ugonjwa upo, ila hauna hata kimoja kati ya vile vipokezi vitatu. Hiyo ni aina inayohitaji kushughulikiwa bila kuchelewa, kwa sababu vidonge vya homoni na Herceptin haviiwezi, na tegemeo kubwa ni kemo, na siku hizi kwa wengine dawa za kuamsha kinga ya mwili. Aina hii huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, na kwa walio na umri mdogo. Yule mama alirudishwa hospitali na dada yake ambaye ni muuguzi, miezi minne baadaye. Sasa yuko kwenye kemo. Tunaomba naye.

Kwa hiyo viongozi wa ibada, nasema na ninyi pia kwa upendo: ushuhuda wa hospitali upitie kwanza kwa mtu anayeweza kusoma karatasi. Hatutapunguza utukufu wa Mungu kwa kusoma.

Mtasikia pia kuhusu kipimo kingine ambacho husoma jeni 21 za uvimbe na kutoa alama kati ya 0 na 100. Hicho ni cha wale wenye vipokezi vya homoni, HER2 hasi, na ugonjwa wa mapema. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2018, wenye wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba wengi wao wenye alama za chini na za katikati hawakuongezewa faida na kemo juu ya vidonge vya homoni, hasa waliozidi miaka 50. Ni habari njema sana. Lakini kinyama husafirishwa hadi Marekani na gharama ni kubwa. Wengi wetu hatutakipata, na daktari ataamua kwa ukubwa wa uvimbe, gredi, tezi za kwapani na vile vipokezi. Usijione umetupwa kwa kukikosa.

Nimetaja gharama, basi tuingie Luka 14. Yesu anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu. Zingatia neno "kwanza". Mwaka jana mume na mke walinijia wakiwa wameshapata mnunuzi wa ploti yao, hamsini kwa mia, ile waliyonunua kwa chama kwa miaka sita. Walitaka pesa za kwenda kutibiwa India. Nikawauliza, ripoti ya vipokezi inasemaje? Haikuwa imetoka. Mnunuzi alikuwa amenusa dhiki, na bei aliyotoa ilikuwa nusu ya thamani. Niliwaambia kama ningemwambia mfanyabiashara yeyote: msiuze mali kabla hamjajua mnanunua nini. Ngojeni siku kumi. Majibu yakaja: vipokezi vya homoni viko, HER2 hakuna. Mama akafanyiwa upasuaji hapa hapa Kenya, akapata mionzi, na sasa ni tamoksifeni kila asubuhi. Ploti ipo.

Sisemi kila mtu atakuwa na majibu hayo. Wengine watahitaji Herceptin mwaka mzima na hesabu yake ni nyingine kabisa. Ndiyo maana ya kuhesabu. Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, na kiwango cha matibabu ya kansa ni cha familia nzima kwa mwaka. Viwango na orodha ya dawa vimebadilishwa na vitabadilishwa tena, kwa hiyo usitumie habari ya jirani. Nenda kwenye dirisha la SHA la hospitali unayotibiwa, uulize dawa hii, hospitali hii, mwaka huu. Hakikisha michango imelipwa na mume na watoto wamesajiliwa. Hiyo ni kazi unayoweza kufanya ukiwa unangoja. Harambee pia, tafadhali ingojee ripoti. Ukiita watu mara ya kwanza bila kujua kiasi, mara ya pili watakuja wachache.

Turudi kwenye meli, kwa sababu kuna watu wawili ama watatu wa mstari wa 30 ambao wako kati yetu. Baada ya nanga kushuka, baadhi ya mabaharia walianza kuteremsha mashua ndogo, wakijifanya wanaenda kuongeza nanga za mbele. Walikuwa wanatoroka. Paulo akamwambia akida kwamba hao wasipobaki melini, hamtaokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaenda zake. Hapo Paulo alikuwa mkali, na mimi nitakuwa mkali.

Mashua ndogo huja wakati wa kungoja. Huja kwa simu, usiku, na jina zuri. Kuna anayeuza unga wa mizizi na kusema acha hospitali siku arobaini kwanza. Kuna mtumishi anayetaka mbegu ya elfu ishirini ili majibu yabadilike yakiwa bado maabara. Wapendwa, katika kanisa hili hakuna anayeuza majibu. Anayekuomba pesa ili akuombee kuhusu ripoti, akiwa hapa kwetu ama kwingine, mlete jina lake kwa pasta mkuu ama kwangu. Na dawa yoyote ya kienyeji unayotumia, mwambie daktari kabla ya kemo, maana nyingine hugombana na dawa za hospitali. Kata kamba. Kama huwezi kuikata mwenyewe, mpe mumeo au dada yako simu aifungie hiyo nambari.

Baada ya kukata kamba, Paulo alifanya jambo ambalo huwa tunaliruka kwa sababu si la kiroho sana machoni petu. Aliwasihi wale. Watu 276, siku kumi na nne hawajakula vizuri, na mtume wa Mungu anashika mkate, anashukuru, anakula mbele yao mpaka wakachangamka. Anayengoja majibu hali. Halali. Anasikia simu ikilia hata isipolia. Kanisa, fanyeni kazi ya mkate. Pelekeni githeri, pelekeni uji, chukueni watoto Jumamosi, mfulieni nguo. Msimuulize kila siku, "Majibu yametoka?" Yakitoka atasema. Wala msimwambie "usikiri ugonjwa" kila anapotaja uvimbe. Kusema kweli mbele ya ndugu si kukiri kushindwa. Hezekia alilia ukutani, Mungu akamsikia, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia mfalme asitamke neno jipu.

Mume, wewe una kazi yako. Usilale nje ya mazungumzo ukisema hayo ni mambo ya akina mama. Nenda naye siku ya majibu. Masikio ya mgonjwa huziba baada ya neno la kwanza la daktari, kwa hiyo masikio yako ndiyo yatakayobeba mengine. Beba kalamu. Omba nakala ya ripoti yenyewe, isiwe maneno tu, na uiweke ndani ya faili moja na ya kwanza. Uliza vipokezi vyote vitatu vilipimwa na vimetoka alama gani, kipi kitaanza na kwa nini, matibabu yataisha lini. Kama mama bado anataka watoto, aseme kabla ya kemo kuanza, si baada.

Mstari wa 39 unasema kulipokucha hawakuitambua ile nchi. Nimeona hilo usoni mwa watu. Walingoja asubuhi, asubuhi ikaja, na walichoona hakikuwa walichotarajia. Ila waliona ghuba yenye ufuo, mahali pa kuelekeza meli. Na meli ilivunjika. Hilo lazima niliseme, maana tunapenda kuhubiri ahadi ya malaika na kuacha mstari wa 41. Wote walifika pwani, lakini wengine kwa kuogelea na wengine kwa vipande vya mbao. Baadhi ya akina mama wetu walifika hivyo, bila titi, bila nywele, bila kazi waliyokuwa nayo. Na ahadi ile ya uhai wa wote ilipewa Paulo kwa safari ile. Sitaichukua na kumbandika kila mgonjwa. Tumezika watu waliokuwa na imani kuliko yangu. Tuliyopewa sisi sote ni ahadi ya ufufuo, na hiyo haipimwi kwa darubini.

Tena majibu hubadilika maana kadiri Mungu anavyowapa watu maarifa. Kabla ya mwaka 1998, mama aliyekuwa na HER2 nyingi alikuwa na moja ya kansa za titi zilizoogopwa zaidi. Mwaka huo Herceptin ikaidhinishwa Marekani, kutokana na kazi ya miaka ya akina daktari Dennis Slamon wa chuo kikuu cha UCLA. Alama ile ile, 3+, ikawa mlango wa dawa. Kwa hiyo usihukumu karatasi yako kwa yaliyompata shangazi yako mwaka 1995.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii, jadilini haya: Ni lini katika maisha yako ulikataa kupima jambo kwa kuogopa jibu, na ukaita hiyo imani? Na kuna nani katika ushirika wenu anayengoja majibu sasa hivi, ambaye mnaweza kumpikia kabla ya Ijumaa?

Wanaotaka kusindikizwa kliniki ya kansa waandike majina kwa katibu wa idara ya akina mama kabla ya Jumapili. Gari la kanisa huondoka Jumanne saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye lango la chini. Hakuna malipo. Beba kitambulisho, faili ya ripoti zote, chupa ya chai, na shuka, kwa sababu pale kwenye benchi kuna baridi mpaka saa tatu.